Rangi za Nywele Machakos: Ufundi Usigeuzwe Bahati Nasibu

Mtu apitaye mjini Machakos siku hizi, awe anatoka kituo cha mabasi au soko la Marikiti, hakosi kuona vichwa vya rangi namna namna. Kuna vyeusi tititi, kuna vya dhahabu, vya damu ya mzee na hata vya buluu. Mji wenye chuo kikuu haukosi vijana, na vijana hawakosi mitindo. Lakini wateja si vijana peke yao. Mzee anayeketi kwa kinyozi akapakwa kanta ili mvi zifichike naye yumo katika safari hiyohiyo.

Wako wanaodai kwamba haya yote ni kuiga Wazungu. Madai hayo hayana mizizi. Wamasai, majirani wa Wakamba tangu zamani, walipaka nywele za morani ngeu na mafuta. Huko Pwani hina imetumika kwa karne nyingi. Kwa hiyo kubadili rangi ya nywele si jambo geni kwetu. Jambo geni ni dawa inayotumika leo, na swali linalofaa kuulizwa ni hili: je, yule anayeitia dawa hiyo kichwani mwa mtu amefunzwa na nani, na nani aliyempima?

Rangi huingiaje?

Ili tulijibu swali hilo, yafaa kwanza tufahamu kazi yenyewe. Unywele una ganda la nje lililopangika kama vigae vya paa, na ndani yake mna kiini chenye melanini, yaani ile rangi ambayo mtu huzaliwa nayo. Rangi ya muda hukaa juu ya ganda na huondoka ikioshwa. Rangi ya nusu kudumu hupenya kidogo, kisha hufifia polepole. Rangi ya kudumu ndiyo yenye kazi kubwa. Amonia, au dawa ya jamii yake, hufungua ganda. Peroksaidi ya haidrojeni nayo hupunguza melanini, na wakati huohuo huziunganisha chembe ndogo za rangi zikawa kubwa hata zisiweze kutoka tena.

Mafundi hupima nywele kwa ngazi. Ngazi ya 1 ni nyeusi kabisa, na ya 10 ni manjano hafifu. Nywele zetu nyingi ziko kati ya 1 na 3. Peroksaidi nayo ina vipimo vyake. Ile inayoitwa ya 10 ina asilimia 3 ya dawa, ya 20 ina asilimia 6, ya 30 ina asilimia 9, na ya 40 ina asilimia 12. Ya 10 hutia rangi bila kung'arisha sana. Ya 20 hufunika mvi na kupandisha nywele ngazi 1 au 2. Ya 30 hupandisha 2 au 3, na ya 40 hufika hata 4.

Basi msichana mwenye nywele za ngazi ya 2 akitaka dhahabu ya ngazi ya 8, hawezi kuipata kwa mpako mmoja wa rangi. Sharti melanini iondolewe kwanza kwa unga wa kung'arisha. Nywele nyeusi zinapong'arishwa hupita katika wekundu, kisha rangi ya machungwa, ndipo zifikie manjano. Asiyejua huishia njiani na kumwambia mteja kwamba mambo tayari. Machungwa ya Ukambani ni matamu, lakini mahali pake ni sokoni wala si kichwani.

Fundi wa kweli hujua kwamba buluu hufuta rangi ya machungwa, zambarau hufuta manjano, na kijani hufuta wekundu. Hujua pia kwamba rangi mpya haiwezi kuing'arisha rangi ya zamani iliyotiwa kwa dawa, hata ikipakwa mara tatu. Kabla ya kuanza humwuliza mteja alipaka nini miezi iliyopita, kwa sababu baadhi ya rangi za unga huwa na chumvi za madini ambazo zikikutana na peroksaidi hupata moto na kuzikatakata nywele. Hujaribu kwanza kishungi kimoja. Akikuta nywele zimelainishwa kwa dawa juzi, huahirisha kazi kwa majuma mawili hivi. Akianza, hugawa kichwa mafungu manne, huvaa glavu, na anapong'arisha huacha nafasi ndogo karibu na ngozi kwa kuwa joto la kichwa huharakisha dawa penye mizizi. Muda wote hutazama saa.

Aidha, fundi huhakikisha maji yapo kabla hajachanganya dawa. Jambo hili laweza kuonekana dogo mahali pengine, lakini Ukambani si dogo. Maji ya bomba hukatika, na visima vingi vina maji ya chumvi. Dawa isiyooshwa ikaisha huendelea kufanya kazi hata mteja akishalipa na kwenda zake. Nusu ndoo ya maji haitoshi.

Hatari iko wapi?

Ndani ya rangi nyingi nyeusi za kudumu mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi PPD. Ndiyo hiyo inayoleta weusi wa haraka. Hina asilia haitoi weusi, hutoa wekundu. Ukiona hina nyeusi iliyoshika kwa muda mfupi, ujue mara nyingi imechanganywa na rangi ya nywele. Umoja wa Ulaya umeweka kipimo kwamba PPD isizidi asilimia 2 katika rangi iliyokwisha kuchanganywa tayari kupakwa. Nchini Sudan, ambako wanawake waliichanganya na hina, madaktari wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya watu waliovimba uso na koo na wengine kuharibika figo.

Ubaya wa dawa hii ni ujanja wake. Mtu aweza kuipaka mara ya kwanza, ya pili na ya tatu asione neno, kumbe mwili unajifunza kuikataa. Siku ya nne huamka kope zimevimba asiweze kufumbua macho. Ndiyo maana rangi kidogo hupakwa nyuma ya sikio au kwenye kiwiko na kungojewa saa 48 kabla ya kichwa kuguswa, na kila mara upya, si mara moja katika maisha. Ni wateja wangapi wa Machakos waliopata kuambiwa, "Nenda nyumbani, urudi keshokutwa"? Msusi anayesema hivyo huogopa kwamba mteja ataingia mlango wa pili, na hofu yake si ya bure.

Msusi mwenyewe naye yumo hatarini. Unga wa kung'arisha una chumvi ziitwazo pasalfeti, na vumbi lake limejulikana kuleta pumu kwa wafanyakazi wa saluni. Mwaka 2010 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliandika tena kwamba kazi ya ususi na unyozi inaelekea kuleta saratani kwa wanaoifanya. Kuhusu mteja anayepaka tu, lilisema ushahidi hautoshi kuamua. Hata hivyo, mwaka 2019 uchunguzi wa Marekani uliowafuatilia wanawake 46,709 ulionyesha kwamba wanawake weusi waliotumia rangi ya kudumu walipatwa na saratani ya matiti kwa kiwango kilichozidi cha wenzao wasioitumia kwa asilimia 45. Wanawake hao wote walikuwa na ndugu wa kike aliyepatwa na ugonjwa huo, na uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba rangi ndiyo iliyousababisha. Lakini dada anayechanganya dawa kutwa bila glavu, chumba hakina dirisha, ana haki ya kuyajua hayo.

Kibali na mkono

Wengine watasema serikali ipige marufuku. Tumekwisha kuiona njia hiyo. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mpaka leo dawa za kuchubua ngozi bado huuzwa. Marufuku ya chupa peke yake haifiki mbali ikiwa mkono unaoifungua chupa haujafunzwa.

Njia nyingine ipo, nayo iko karibu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara. Jedwali hilohilo limezikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Yaani mkono mmoja wa kaunti hupokea ada ya mwenye saluni, na mkono wa pili una walimu na madarasa. Haifai mikono hiyo miwili isijuane. Leseni ni ya duka; haisemi lolote juu ya ujuzi wa anayepaka dawa. Kaunti ya Machakos ingeweza kuamua kwamba kila anayelipia leseni ya saluni apate mafunzo ya siku chache katika chuo kilicho jirani naye: kupima ngazi, kuchagua peroksaidi, jaribio la saa 48, kujikinga, na la kufanya mteja anapovimba.

Yapo mashaka ya haki. Wasusi wengi walijifunza kwa kusimama nyuma ya kiti cha mwenzao, na wengi wao ni wasichana ambao hawakupata karo ya kuendelea na masomo. Kuwadai cheti kwa ghafla ni kuwanyang'anya riziki, na kazi itahamia uani pasipo mkaguzi. Lakini nchi hii ina majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, ya daraja la 3, la 2 na la 1, ambayo fundi aliyejifunzia kazini huweza kufanya. Mafunzo yaje kwanza na ada iwe nafuu, cheti kifuate, faini iwe ya mwisho. Tena kazi ya ususi itapata heshima, maana mwenye cheti ukutani aweza kumwambia mteja arudi keshokutwa, na mteja akamsikia.

Wakati tukingojea wakubwa, mteja naye ana wajibu. Kabla hujainamisha kichwa, uliza mambo matatu: dawa hii ni ya nguvu gani, jaribio litafanywa lini, na maji yapo? Msusi akiyajibu bila kukasirika, keti. Akikasirika, inuka uende zako. Nywele zikikatika huota tena, lakini macho na figo havioti.