Kama Kinafaa Kuombea, Kinafaa Kuimbia

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikwenda kusikiliza tamasha dogo la roki ya Kikristo katika ukumbi wa kanisa moja la Katuba. Tulikuwa watu kama sitini kwenye viti vya plastiki. Mbele walikaa vijana wanne: wawili wenye gita kavu, msichana mwimbaji, na mmoja aliyekalia sanduku la mbao na kulipiga kwa viganja. Spika hazikuwapo. Pasipo spika, kila neno linasikika, na ndiyo maana nilianza kujiuliza ni maneno ya lugha gani.

Nilihesabu nyimbo tisa: sita za Kiingereza, tatu za Kifaransa. Lakini yote yaliyosemwa kati ya nyimbo hizo, yaani salamu, sala, mizaha na tangazo la sadaka, yalikuwa kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Kabla ya wimbo wa nne, msichana yule alisimulia jinsi mama yake alivyolazwa hospitalini, naye akakaa sakafuni usiku kucha akiomba, mpaka akakosa la kumwambia Mungu. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kisha akaimba, kwa Kiingereza. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akaniinamia: « Mwana, banaimba nini? » Nikamfasiria mstari wa kwanza, wa pili ukanipita. Akanishukuru. Kabla ya wimbo wa sita alikuwa ameshaondoka.

Baada ya tamasha nilimuuliza mpiga gita mmoja kwa nini hawaimbi Kiswahili. Akanipa sababu mbili. « Yaya, Kiswahili hakiingii mu roki. » Halafu, kwa sauti ya chini: Kiswahili cha Biblia hawakizungumzi, na hiki cha mtaani wanakionea haya mbele ya Mungu.

Sababu ya kwanza si ya kudharau. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini mistari mingi ya roki ya Kiingereza humalizika kwa silabi moja nzito. Ukiweka neno « Mungu » mwisho wa mstari kama huo, pigo linaangukia « -ngu », na msikilizaji anahisi kuna kitu kimepinda. Kila aliyeimba korali anaijua shida hii katika nyimbo za zamani zilizotafsiriwa. Lakini kosa hapo si la lugha. Ni la kuyaingiza maneno yetu katika sauti iliyotungiwa maneno mengine. Anayeanza na maneno, kisha akatafuta sauti inayoyafuata, hapati shida hiyo.

Tena ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akiwa na gita lake kavu. Mwenda na wenzake, kama Edouard Masengo, waliimba kwa Kiswahili, na muziki wao ulisikika hadi Nairobi. Basi gita kavu na Kiswahili zilikwisha kukutana Katanga kabla ya wazazi wetu wengi kuzaliwa.

Sababu ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu inatuhusu sisi wa fakulte hii. Katika kitabu chake cha 1986, Johannes Fabian alionyesha jinsi watawala wa kikoloni na wamisionari walivyoshughulikia Kiswahili katika Kongo kati ya 1880 na 1938: wakikieleza, wakikisahihisha, wakikipanga. Tunapenda kukisoma kitabu hicho kana kwamba mambo yale yamepita. Hayajapita. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimetoka tu kwenye somo la ngeli, nilimsikia mdogo wangu akisali nyumbani: « bantu bote ». Nikamkatiza: « watu wote ». Nilidhani namsaidia. Tangu siku hiyo, anaposali mbele yangu, anasali kwa Kifaransa.

Najua jibu la walimu wetu wengine: kanisa linahitaji Kiswahili kinachoeleweka Bukavu, Kisangani na Dar es Salaam. Ni kweli, na mimi mwenyewe ninaandika hapa kwa Kiswahili hicho. Lakini mahitaji ya jarida si mahitaji ya msichana anayesimulia usiku wa hospitalini. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Haisemi ni cha mji gani. Na mchungaji wa kanisa lile aliomba kutoka mwanzo hadi mwisho kwa lugha ya mtaa wake, bila mtu kucheka. Ikiwa lugha hiyo inafaa kuombea, sioni kwa nini isifae kuimbia.

Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Vijana wale walijifunza roki kwa Kiingereza, na waliimba vizuri. Ninachosema ni kwamba ushuhuda ule wa kabla ya wimbo wa nne ulistahili wimbo wake, katika maneno yale yale yaliyotunyamazisha.

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunaweza kufanya jambo dogo. Tumezoea kwenda kwa wasemaji na daftari, tukichukua maneno yao. Safari hii twende na tulichojifunza: mkazo, silabi, mpangilio wa sentensi. Tukae nao, mstari baada ya mstari, na kalamu nyekundu tuiache nyumbani. Nimemwahidi mpiga gita yule kwamba nitarudi Jumamosi ijayo. Nitamwomba mdogo wangu anisindikize, ila kwanza nina la kumwomba radhi.