Mofini Tunaiogopa, Ugoro Tunauchekea

Na Nyamizi Ntemi

Nenda gulio lolote la Katumba au Mishamo, humkosi bibi aliyekaa nyuma ya mafungu yake ya dagaa, kikopo cha ugoro kimefungwa kwenye pindo la kanga. Anachota kwa ncha za vidole viwili, anavuta, anapiga chafya, wateja wanacheka, biashara inaendelea. Hakuna anayemwita teja. Tumbaku ndiyo iliyoezeka bati nyumba nyingi za mkoa huu wa Katavi, na msimu wa mauzo ukifika hata bodaboda wa Mpanda mjini wanajua chama kipi cha ushirika (AMCOS) kimelipwa na kipi kinazungushwa.

Bibi huyohuyo akishikwa na kansa ya mlango wa kizazi, akapelekwa Bugando au Ocean Road, akarudi na chupa ya mofini ya kutuliza maumivu, ndipo ukoo unaitana kikao.

Nimeliona hilo kwa majirani zetu Makanyagio. Chupa iliwekwa juu ya kabati, nyuma ya sufuria za shughuli, na ufunguo wa chumba akawa nao kijana mkubwa. Kwenye karatasi daktari aliandika dozi kila baada ya saa nne. Kijana akaigeuza ikawa dozi ya akilia. Mama yake alilia sana usiku, ukuta kwa ukuta tulimsikia. Nilipomuuliza kijana, hakunijibu kwa ukali. "Dada, mimi nimeendesha lori Dar miaka. Nimewaona mateja wa Kinondoni wanavyolala wamesimama. Mama yangu asifike huko." Yule kijana hakuwa katili. Alikuwa na hofu, na hofu yake hakuna mtu wa hospitali aliyekaa naye kuizungumza.

Wala tusidhani ni nyumba moja. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 wa Tanzania waligundulika na saratani ya mlango wa kizazi mwaka ule, na zaidi ya 6,000 walifariki. Chanzo ni kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na anayeanza mapema na kuzaa mapema yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Katavi tunajijua: utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba, na hakuna mkoa uliotuzidi. Chanjo ipo, tangu 2018, na sasa msichana anachomwa sindano moja tu, jambo ambalo watafiti wa Mwanza walisaidia kulithibitisha kwa wasichana 930 wa huko. Lakini hiyo ni ya watoto wetu. Mama zao wengi wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa, na kwao kazi kubwa ya daktari inabaki kutuliza maumivu.

Turudi kwenye tumbaku, maana huku ndiko tunakokosea mahesabu. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 3,489 waliotibiwa kwa mionzi saratani ya mlango wa kizazi ikiwa bado katika hatua za mwanzo. Wavutaji wa pakiti moja au zaidi kwa siku walipata madhara makubwa ya mionzi zaidi ya mara mbili ya wale wasiovuta, na utumbo ndio ulioumia zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2006, ukaonyesha kwamba wavutaji waliopewa mionzi pamoja na dawa ya cisplatin waliishi muda mfupi zaidi. Sababu zinazotajwa si ngumu: moshi hubana mishipa ya damu na kupunguza oksijeni, na uvimbe usio na oksijeni ya kutosha huwa mbishi kwa mionzi. Sumu za tumbaku zenyewe zimekutwa hata kwenye ute wa mlango wa kizazi.

Sasa fikiria mama aliyeuza mbuzi, akapanda treni ya Mpanda hadi Tabora na kuendelea hadi Dar, akakaa kwa shemeji wiki sita akisubiri zamu ya mionzi siku hadi siku, na msokoto wake wa tumbaku uko kwenye mkoba. Nani alimwambia kwamba moshi huo unamharibia tiba?

Tafiti hizo zilihesabu sigara. Ugoro wa Mishamo haukuhesabiwa, wala gongo, wala mama aliyeshinda misimu ishirini kwenye moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku. Watafiti wetu wana kazi hapa, na wasiletewe dodoso lililoandikwa kwa ajili ya Texas. Waulize kwa lugha ya hapa: unavuta, unanusa, unabugia, unaweka wapi? Zipo habari za wanawake wanaouweka ugoro sehemu za siri. Muuguzi atakayeuliza huku amekunja uso hataambiwa kitu.

Na pombe iulizwe vilevile. Hatari ya kweli ya mofini iko hapo, wala haiko kwenye jina lake. Mofini ikikutana na gongo tumboni, vyote viwili vinalaza pumzi, na mtu anaweza asiamke. Mgonjwa aliyewahi kuwa mlevi au mvuta bangi asinyimwe dawa. Apewe kwa chupa ndogo, aonwe mara kwa mara, na awepo ndugu mmoja anayeandika saa na kipimo. Uraibu upo, siukatai. Lakini mgonjwa wa kansa anayeomba dozi kabla ya saa, mara nyingi anakuambia kipimo hakitoshi.

Hofu yetu nyingine tumeazima. Marekani walimwaga vidonge vya jamii ya mofini mitaani tangu miaka ya 1990, wakazika watu kwa maelfu, na sasa wana haki ya kuogopa. Sisi hatujafika hata robo ya robo. Jopo la jarida la Lancet lilikokotoa mwaka 2017 kwamba katika tani karibu 300 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zote kwa pamoja zinapata kilo 100 tu. Kuogopa mafuriko ukiwa jangwani ni kituko.

Jirani zetu Uganda walilitatua tatizo hili mapema. Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, akawa anachanganya unga wa mofini na maji kwenye chupa, kijani kwa ile nyepesi, pinki kwa ile kali. Kuanzia 2004 wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika, kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hamsubiri daktari wa mjini. Kwetu bado mgonjwa wa Karema anayetaka chupa ya pili anaanza kuhesabu nauli.

Nauli hiyo ina pa kutoka. Halmashauri za Nsimbo na Tanganyika zinakata ushuru wa mazao kwenye kila kilo ya tumbaku inayouzwa. Madiwani wetu, mnapopitisha bajeti ijayo, tengeni fungu kwenye ushuru huo: chupa za mofini katika vituo vya afya vya Katumba, Mishamo na Karema, nauli ya wagonjwa wa mionzi, na mafunzo ya muuguzi mmoja kila kituo wa kuuliza habari za ugoro na pombe faraghani. Na nyinyi wenye mgonjwa nyumbani, mpeni dozi yake kwa saa iliyoandikwa. Asisubiri kulia.