Kabla ya kumlaumu mtoto kwa chaji iliyoisha

Tuseme ni nyumba moja ya Cheyo, mjini Tabora, saa mbili usiku, na umeme umekatika. Binti wa kwanza anajaza fomu ya kuomba mkopo wa chuo kwenye kompyuta mpakato ya familia, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Kabla ya kuanza ametazama alama ya betri kwenye kona ya skrini: zimebaki saa 3. "Usiwe na wasiwasi mama, muda upo." Haijafika saa tatu na robo, skrini inazima. Fomu haijatumwa.

"Mwanangu, hapa paliandikwa saa 3. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Ulikuwa unaangalia filamu."

"Hapana mama, nilikuwa najaza fomu."

Mama haamini. Mashine haina sababu ya kudanganya, mtoto anayo. Usiku huo watu wanalala wamenuniana.

Magomvi ya aina hii yanaweza kuepukwa familia ikijua namba ile hutoka wapi. Kompyuta hupima umeme uliobaki kwenye betri, kisha hugawanya kwa kiasi kinachotumika wakati ule au dakika chache zilizopita. Kama betri ina wati-saa 24 na kompyuta inakula wati 8, jibu ni saa 3. Hesabu ni sahihi, lakini ina sharti: matumizi yabaki vilevile.

Binti alipotazama, kompyuta ilikuwa imetulia, skrini ina mwanga hafifu. Kisha akaongeza mwanga, akachomeka modemu, akafungua kurasa kadhaa za intaneti, na programu nazo zikaanza kujisasisha bila kuulizwa. Matumizi yakipanda hadi wati 20, betri ileile hudumu saa 1 na dakika 12 tu. Hakuna filamu iliyoangaliwa.

Wenyeji wa Tabora wana mfano wa karibu katika njia ya misafara. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe Juni mwaka huohuo. Wote walitoka pwani kuja Tabora, lakini wa kwanza walitumia zaidi ya miezi minne na huyu takriban mitatu. Mizigo, mvua, maradhi na wapagazi wanaotoroka ndivyo vilivyoamua siku za safari. Aliyekadiria kwa mwendo wa siku moja nzuri alikosea.

Akina mama nao wanayajua makadirio kutoka kliniki. Tarehe ya matarajio ya kujifungua huandikwa kwenye kadi, lakini ni takriban mtoto mmoja tu kati ya 20 anayezaliwa siku ileile. Hakuna anayemlaumu mjamzito kwa kuchelewa wiki moja. Tarehe ile ni ya kumsaidia kujiandaa mapema, na namba ya betri inastahili kusomwa hivyohivyo.

Hata watengenezaji wanalijua tatizo hili. Desemba 2016 kampuni ya Apple iliondoa muda uliobaki kwenye alama ya betri ya kompyuta zake, ikaacha asilimia peke yake. Zile saa zinazotajwa kwenye boksi la kompyuta mpya nazo kwa kawaida hupimwa kwa kazi nyepesi na mwanga mdogo wa skrini, tofauti na matumizi ya nyumbani.

Kuna pia suala la uzee. Betri za lithiamu hupoteza uwezo kadiri zinavyochajiwa na kutumika, na joto huharakisha uchakavu huo. Kwa hiyo joto la Oktoba la Tabora, kompyuta ikiwa juu ya godoro na matundu yake ya hewa yamezibwa, si jambo dogo. Asilimia 100 ya betri iliyochoka inaweza kuwa nusu ya ile ya ilipokuwa mpya. Betri kama hiyo huweza hata kuzima ghafla ikionyesha asilimia 15, kwa sababu nguvu yake huanguka inapobanwa na kazi nzito.

Kwa kompyuta za Windows, hali halisi inaweza kujulikana bila kulipa fundi. Kwenye dirisha la amri huandikwa powercfg /batteryreport, kisha ripoti huhifadhiwa ndani ya kompyuta. Humo mna uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. La kwanza likiwa 48,000 na la pili 24,000, nusu imeshakwenda. Kuiacha chaji ishuke hadi karibu kuisha kisha kuijaza yote, mara mojamoja, husaidia kipimo kisome vizuri, ila hakurudishi uwezo uliopotea. Betri ikivimba na kuinua vitufe, isitumike wala kuchajiwa tena, na isitobolewe. Ipelekwe kwa fundi.

Kwa kazi yenye siku ya mwisho, familia ipange kana kwamba muda uliopo ni nusu ya ule unaoonyeshwa. Mwanga upunguzwe, programu zisizohitajika zifungwe, na kazi ihifadhiwe kila baada ya ukurasa. Fomu ijazwe mchana umeme ukiwapo, isisubiri usiku wa mwisho.

Na mzazi aliyekwisha kumwita mwanawe mwongo anaweza kuitazama ile ripoti pamoja naye. Akikuta betri imebaki nusu, amwambie, "Pole mwanangu, nilikuonea," kisha waijaze fomu upya wakiwa wote wawili.