Kata waya uone ndani
Mwandishi, unene wa waya umeueleza vizuri, ila umeruka kinachotuumiza wanunuzi: nyaya nyingi za bei poa za amplifaya za gari ni alumini iliyovikwa shaba kwa juu. Alumini hupitisha umeme kama 60% tu ya shaba ya unene uleule, ndiyo maana besi ikidunda volti hushuka kwenye amplifaya. Mimi dukani huomba wakate ncha, nitazame katikati ya uzi. Ukiwa mweupe kwa ndani, naondoka. Na ndugu hapo juu unayesema fyuzi ikae karibu na amplifaya, hapana! Iweke jirani na betri, sentimita 45 hivi, maana inalinda waya isiwake ikichubuka kwenye bodi. Nyaya za spika za milangoni wala msihangaike nazo, milimita 1.5 za mraba zinatosha kabisa.