TRENI INAKIMBIA, DIRISHA LINATAMBAA

Ndugu msomaji, kama una rafiki au ndugu aliyeko China, bila shaka umekwisha kusikia sifa za treni ya kule. Vijana wetu wako huko. Wengine wanasomea udaktari na uhandisi. Wengine wamepanga vyumba Guangzhou, mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, wanakusanya nguo, simu na vipuri vya kuleta Kariakoo na Gikomba. Piga naye soga kwenye simu dakika tano tu, atakwambia: "Bwana wee, treni ya huku si mchezo!"

Hatumbishii. Tarehe 1 Agosti 2008 China ilifungua reli ya Beijing hadi Tianjin, treni ikikimbia kilomita 350 kwa saa. Desemba 2009 ikafuata ya Wuhan hadi Guangzhou, na safari iliyokuwa inakula zaidi ya saa 10 ikawa ya saa 3 hivi. Juni 2011 ikaja ya Beijing hadi Shanghai, kilomita 1,318. Ulipofika mwisho wa mwaka 2024, reli za namna hiyo zilikuwa na urefu wa kilomita 48,000. Hakuna nchi nyingine duniani inayofikia hata nusu ya hapo.

Lakini hebu mbane huyo rafiki yako. Usimuulize treni ilikimbia vipi. Muulize alipitaje getini. Hapo ndipo utasikia habari ambayo haimo kwenye picha anazokutumia.

Sisi tunasema hivi: kasi ya treni haipimwi relini peke yake. Inapimwa tangu pale mtu anapotaka tiketi mpaka anapokaa kwenye kiti. Na mtu wa kuipima si mkubwa aliyekuja kukata utepe. Ni yule ambaye waliochora mfumo hawakumkumbuka.

Kule China mtu huyo ni mgeni mkaazi. Si mtalii wa wiki mbili anayetembezwa na kampuni. Ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, mwalimu, mfanyabiashara mwenye chumba cha kupanga. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe amekwisha kupewa, analima. Lakini kila akifika stesheni anaanza upya, kama vile ameshuka kwenye ndege jana.

Sikiliza ilivyoanza. Zamani tiketi za treni China zilikuwa mali ya walanguzi. Wachina huwaita "ng'ombe wa manjano". Kila ilipokaribia sikukuu yao ya mwaka mpya, mamilioni ya wafanyakazi wakitaka kurudi vijijini, walanguzi walizizoa tiketi na kuziuza kwa bei ya kuruka. Kijana ambaye baba yake alipanga foleni ya sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 hana haja ya kuelezwa zaidi.

Serikali yao ikatoa dawa. Kuanzia Juni 2011 kwenye treni za kasi, na kuanzia Januari 2012 kwenye treni zote, kila tiketi ikawa na jina la msafiri na namba ya kitambulisho chake. Dawa nzuri. Mlanguzi hawezi kuuza tiketi yenye jina la mtu mwingine.

Lakini angalia dawa hiyo ilimbana nani. Mashine za kutolea tiketi zilitengenezwa zisome kitambulisho cha taifa cha Mchina, kile chenye chipu ndani. Pasipoti hazikuijua. Mchina akawa anagusa kadi yake, tiketi inatoka, anakwenda zake. Mgeni, hata kama alikwisha kulipa kwenye mtandao, aliambiwa: nenda dirishani.

Na dirishani kuna nini? Kuna foleni. Kuna anayerudisha tiketi, kuna anayebadilisha safari, kuna mzee asiyejua mtandao, na kuna wewe na pasipoti yako. Mbele yako watu 30. Treni yako inaondoka baada ya dakika 40. Nayo haikungoji. Geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, na likifungwa limefungwa. Hapo hakuna cha "mzee nisaidie" wala cha kumtia mtu kitu mkononi.

Fikiria sasa kijana wa Guangzhou anayekwenda Yiwu kukagua mzigo. Mwenye kiwanda anamngoja, kontena linafungwa kesho. Treni ingemfikisha kabla jua halijazama. Akiikosa, anachelewa kukagua, na mzigo unapakiwa bila kuangaliwa. Hasara hiyo haitaandikwa kwenye takwimu za reli yoyote. Itaandikwa kwenye daftari la kijana huyo.

Haki itendeke, mambo yamebadilika. Kufikia mwaka 2020 tiketi za karatasi ziliondolewa kwenye treni za kasi, na pasipoti yenyewe ikawa ndiyo tiketi. Foleni ya kuchukua karatasi imekufa. Ukurasa wa Kiingereza wa kukatia tiketi upo. Mwaka 2023 pochi kubwa za simu za kule, Alipay na WeChat, zilifungua mlango kwa kadi za benki za nje, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zinagonga mwamba. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kule bado ni kama mwaka 2012, anakuongopea.

Lakini getini tofauti bado inaonekana. Kwenye stesheni nyingi Mchina anagusa kadi na vibao vya geti vinafunguka. Mwenye pasipoti anapita pembeni, kwenye njia yenye mfanyakazi, pasipoti inakaguliwa, ndipo anaruhusiwa. Wageni wenye kadi ya ukaazi wa kudumu wana unafuu wa mashine. Ila kadi hiyo hawapewi wengi. Mwanafunzi na mfanyabiashara wa kawaida kibali chao cha ukaazi ni karatasi iliyobandikwa ndani ya pasipoti. Miaka mitano nchini, kodi ya chumba inalipwa, bado anapita pembeni.

Kwa hiyo, kijana unayejiandaa kwenda, tusikuache na malalamiko matupu. Chukua haya.

Jina kwenye tiketi liwe lile lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, la kwako, la baba na la babu. Usiandike mawili kwa sababu umezoea kuitwa hivyo. Ukibadilisha pasipoti, namba inabadilika, na tiketi uliyokata kwa namba ya zamani itakuletea kesi getini. Tembea na pasipoti yenyewe, si kivuli chake. Sheria yao inataka mgeni aliyefikisha miaka 16 awe nayo wakati wote.

Soma jina la stesheni mpaka mwisho. Mji mmoja una stesheni ya Kusini, ya Mashariki, ya Kaskazini, na kati ya moja na nyingine unaweza kutembea saa nzima. Treni nyingi za kasi za Guangzhou huondokea stesheni ya Kusini, ambayo iko mbali na Xiaobei. Fika saa moja kabla, maana mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na kisu chako cha jikoni hakitapanda. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari. Wakati wa mwaka mpya wao ukizubaa dakika kumi utakuta mwana si wako. Ukitaka dirisha, kiti ni A au F. Herufi E usiitafute, haipo kwenye viti vya daraja la pili.

Na ukishaingia ndani, utapumua. Kiti chako ni chako. Hakuna aliyekalia na kukukodolea macho. Maji ya moto yapo kila behewa, utaona watu wanajipikia tambi zao. Zaidi ya yote, nauli ni moja. Mgeni na mwenyeji wanalipa yuan zile zile kwa kiti kile kile. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Usidhani ni China peke yake inayomsahau mgeni mkaazi. Japani, iliyoanzisha treni za kasi mwaka 1964, wanayo tiketi maalumu ya kuzunguka nchi nzima kwa bei moja, ya siku 7, 14 au 21. Oktoba 2023 bei ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi yen 50,000. Lakini mgeni anayeuziwa ni mtalii aliyegongewa mhuri wa kukaa muda mfupi. Mwafrika anayefanya kazi Nagoya na kukatwa kodi kila mwezi haipati. Huyo si mtalii apewe unafuu, wala si raia awe na kura ya kulalamikia. Yuko katikati, na katikati hakuna dirisha.

Hapa ndipo tunapotaka kukufikisha, ndugu msomaji. Hatuamini kwamba kuna Mchina aliyekaa mezani akasema, "Tumsumbue Mswahili." Hakuna. Walikaa watu, wakatazama kadi zilizokuwa mifukoni mwao, wakatengeneza geti linalofungukia kadi hizo. Basi. Asiyekuwepo mezani hakuhesabiwa. Imechukua miaka kumi kurekebisha kosa ambalo swali moja lingelizuia: je, asiye na kadi hii atapita wapi?

Sasa tujitazame na sisi. Kenya treni ya Mombasa hadi Nairobi ilianza mwaka 2017, ikajengwa na Wachina. Tanzania treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Julai 2024 ikafika Dodoma. Kilomita 160 kwa saa si kasi kwa kipimo cha dunia, ambacho kwa reli mpya huanzia 250. Lakini safari ya Dodoma chini ya saa 4 si jambo dogo, na hatutalibeza.

Tunachouliza ni kuhusu geti. Tiketi zetu nazo hukatwa kwa jina na kitambulisho. Wamefikiriwa Warundi, Wakongo na Wakenya wanaoishi Dar es Salaam? Na kuna mipango ya kuifikisha reli hiyo Burundi! Amefikiriwa kijana wa Mbagala ambaye miaka ya nyuma alikaa na namba ya NIDA bila kadi, akiambiwa njoo mwezi ujao? Huyo ni raia, kazaliwa hapa hapa. Mbele ya mashine isiyomjua, naye ni mgeni.

Na ile habari ya nauli? Tusiwacheke Wachina. Sisi ndio ambao kwenye boti za Zanzibar na kwenye mbuga za wanyama mgeni anapangiwa bei yake. Rafiki yako wa Guangzhou analipa nauli ya Mchina. Mchina akija hapa, analipa nauli ya Mchina pia, ila kwa maana nyingine kabisa!

Kwa hiyo tunadai, na tunamwambia kila aliyepewa dhamana ya reli. Kila penye mashine pawe na mtu, na mtu huyo awe na mamlaka ya kufungua geti, siyo kuinua mabega. Kila mfumo wa tiketi ujaribiwe kwanza na asiye na kadi: mgeni, mzee, mwenye simu ya tochi. Na matangazo yatolewe kwa lugha ambayo msafiri anaielewa.

Siku ya kuzindua, wakubwa watapiga picha mbele ya kichwa cha treni. Waache wapige. Wewe kijana nenda dirishani, simama kwenye foleni, hesabu dakika, uziandike. Ukiona mtu ameachwa na treni huku tiketi iko mkononi mwake, usiseme ni bahati mbaya yake. Uliza geti lile lilijengewa nani.