Kisu cha Kwanza Ndicho Huamua

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji rekebishi, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliasisi huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref. Wazo lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro: mgonjwa wa kijijini akishindwa kumfikia bingwa, bingwa apande ndege amfuate. Miaka 18 baadaye, mwaka 1975, Rees huyohuyo alichapisha katika jarida la upasuaji huko Marekani taarifa fupi ya kurudisha duara jeusi linalozunguka chuchu kwa kuingiza rangi ndani ya ngozi, yaani tatoo. Wanaomkumbuka kwa habari za ndege aghalabu hawamkumbuki kwa habari za chuchu.

Namtanguliza Rees kwa sababu kila tulipotaja mada ya toleo hili, kujenga upya chuchu baada ya saratani ya titi, tuliulizwa swali lilelile: mambo ya urembo yanatuhusu nini sisi wa Ngara na Biharamulo? Wanawake wetu wengi hufika hospitali saratani imeshasambaa, wengine uvimbe umeshapasua ngozi. Waokolewe kwanza. Swali ni la haki, na hakuna ukurasa humu unaosema chuchu itangulie uhai. Lakini aliyepona atauishi mwili huo miaka mingi, na uamuzi kuhusu chuchu yake haufanyiki Muhimbili baada ya mwaka au miwili. Unafanyika hapahapa, Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au Biharamulo, au Bugando tukimpa rufaa, siku titi linapoondolewa. Mara nyingi hakuna hata mmoja chumbani anayejua kwamba ameshaamua.

Tuchukue kazi ya kusafisha kwapa. Saratani ikifika kwenye tezi, daktari huzitoa, na katikati ya tezi hizo hupita mishipa inayoulisha msuli mpana wa mgongo. Msuli huo ndio Mwitaliano Iginio Tansini aliutumia kufunika kifua tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa nchi ambayo darubini za kuunganishia mishipa midogo ziko katika hospitali chache mno, bado ni njia imara ya kujenga titi upya. Saratani ikiwa imeikumba mishipa hiyo, ikatwe bila mjadala. Ikikatwa kwa haraka tu, mlango mmoja mkubwa umefungwa, na chuchu ya kushonwa haitapata titi la kukaa. Hata mwelekeo wa kovu una athari zake. Kovu likipita kwenye shina la kipande cha ngozi kitakachoinuliwa baadaye, damu haifiki, na kipande hufa.

Maana chuchu mpya hutengenezwa kwa ngozi ya palepale. Katika njia inayotumika sana, daktari huchora kwa kalamu herufi C yenye V moja kila upande. Vipande hivyo huinuliwa pamoja na mafuta kidogo ya chini yake; zile V mbili huzungushwa zikumbatiane, C ikafunika juu kama kofia, na pengo lililobaki likashonwa. Ganzi ya mahali pale inatosha, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu au zaidi titi jipya litulie, kwani likishuka baada ya chuchu kuwekwa, chuchu inabaki imeangalia kusiko. Kasoro yake kubwa ni kunywea. Mara nyingi hupoteza nusu ya urefu wake au zaidi, kwa hiyo daktari mzoefu huijenga ndefu kupita kiasi kwa makusudi. Haitoi maziwa, na hisia za ile ya zamani hazirudi. Anayeahidi vinginevyo anadanganya.

Njia nyingine ni kukata sehemu ya chuchu ya upande mzima na kuipandikiza upande wa pili. Mama aliyenyonyesha watoto watano au sita huenda ana urefu wa kutosha kugawana, na rangi inalingana yenyewe. Hata hivyo wagonjwa wetu wengi bado wako katika umri wa kuzaa, na anayetarajia kunyonyesha tena aelezwe mapema kuwa titi hilo lililobaki linaweza kushindwa kazi.

Lile duara jeusi lina njia mbili kuu. Ngozi ya paja kwa ndani, karibu na kinena, ikihamishiwa kifuani huelekea kuwa nyeusi kuliko ngozi inayoizunguka, na hapo ndipo faida yake. Njia ya pili ni tatoo ya Rees, ambayo hupauka kadiri miaka inavyopita na huhitaji kurudiwa. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe na rangi za waridi. Kwetu hilo ni jambo dogo. Kubwa ni makovu. Kabla ya kumshauri mama mkato wowote wa nyongeza, tazama masikio yake na chale za utotoni. Kama kutobolewa sikio kulimwachia kovu lililovimba na kuwasha, kila mkato mpya ni kamari. Ngozi iliyopigwa mionzi nayo hupona kwa shida.

Wapo pia wasiotaka lolote kati ya haya, na hawana deni la kumweleza mtu. Kipande cha kanga ndani ya sidiria kinawatosha, na Kigali, ng'ambo ya Rusumo, wapo wanaofuma matiti ya nyuzi kwa ajili ya wenzao. Ninachodai ni mama aulizwe, yeye mwenyewe, si mume wala shemeji, tena kabla ya nusu kaputi.

Bima ni ugomvi wa siku nyingine, ila niuguse. Marekani iliamua kwa sheria ya mwaka 1998 kwamba bima inayolipia kuondoa titi ilipie na hatua zote za kulijenga upya. Sisi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na wanaopanga vitita wanapaswa kusikia kwamba hii ni sehemu ya tiba ya saratani.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Bugando haisubiri kivuko tena. Barua ya rufaa isafiri imejaa: mishipa ya msuli wa mgongo imebaki au imekatwa, misuli ya kifua ipo au imetolewa, kovu linaelekea wapi, mionzi imepangwa au la, ana historia ya makovu kuvimba au hana, na yeye mwenyewe alijibu nini alipoulizwa. Mistari sita. Mganga wa zamu anaweza kuiandika kabla wino wa fomu ya ridhaa haujakauka.