Tunalilia usajili wa London, na huku Kakuma tumefunga mlango

Leo sina video, nina maneno tu, na najua kuna wenye watanikasirikia. Sawa. Someni kwanza, mkasirike baadaye.

Dadangu ni muuguzi. Amesomea hapa hapa Lodwar, akapita mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, ana namba ya usajili na leseni. Kazi ndiyo hana. Huu ni mwaka wa tatu anajaza zamu za watu kwenye kliniki za binafsi, leo ameitwa, kesho hajaitwa, na usiku anasoma ili asajiliwe Uingereza. Kwa hivyo hii habari ya muuguzi kusajiliwa nchi ya watu sikuisikia redioni. Naiona kila jioni pale mezani kwetu, kati ya sufuria na chaja ya simu.

Wacha niwaambie inavyokaa. Baraza la wauguzi la Uingereza, lile linaitwa NMC, linataka Kiingereza kwanza. Kwa mtihani wa IELTS unahitaji alama 7, na kwa kuandika 6.5. Sasa huyu msichana amefundishwa kwa Kiingereza tangu akiwa mdogo, akaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza, leseni yake yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na bado lazima athibitishe ati anakijua. Kwa nini? Kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha yao ya nchi ambazo wengi wanaongea Kiingereza. Halafu kuna mtihani wa kompyuta. Halafu kuna ule wa vitendo, OSCE, ambao unaufanyia huko huko Uingereza.

Na pesa je? Kukaguliwa vyeti pauni 140. Mtihani wa kompyuta 83. OSCE 794. Usajili wenyewe 153. Jumla ni pauni 1,170, yaani karibu shilingi laki mbili, na hapo sijahesabu IELTS, visa, wala nauli. Ndiyo, kuna waajiri wanaolipa sehemu ya hizo. Lakini lazima kwanza uwafikie hao waajiri, na katikati ya njia wamejaa mawakala wanaotaka "ada ya kufungua faili". Dadangu alishaliwa elfu thelathini na mmoja wao. Tuliuza mbuzi kulipa hilo deni.

Mnakumbuka 2021? Mwezi wa Julai Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi wetu waliokosa kazi. Miezi michache baadaye aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanyishwa mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10 tu. Nchi nzima ikacheka. Watu hawakuuliza mtihani wenyewe unauliza nini, wala kama kumtundikia mtu dripu kunahitaji insha. Baadaye Uingereza ikaiweka Kenya kwenye rangi ya manjano, maana yake mawakala hawaruhusiwi kuja kuajiri hapa wenyewe, mpaka njia ipitie mkataba wa serikali.

Sisi tunaita hiyo dharau. Mimi mwenyewe nimeiita hivyo mara nyingi: mtu amesoma, mikono yake inajua kazi, na mlango unafungwa kwa sababu ya karatasi. Nilikuwa na hasira safi kabisa, hasira ya mtu aliyeonewa. Mpaka dadangu akanisimulia habari ya Mama mmoja wa Kakuma.

Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120. Kuna wageni wameandika ati "Kakuma" kwa Kiswahili maana yake ni "hakuna mahali". Sijui ni Kiswahili cha wapi hicho. Kakuma ni mahali, tena pakubwa. Kambi ilianza 1992, Kalobeyei ikaongezwa baadaye, na leo ukijumlisha zote mbili unapata watu karibu 300,000. Wanaugua, wanazaa, wanaletwa na homa usiku wa manane kama sisi tu.

Dadangu alipokuwa mwanafunzi alipelekwa huko kufanya mazoezi ya kazi. Siku moja akaletwa mtoto amekaukiwa na maji kwa kuharisha, mishipa yote imejificha. Dadangu akachoma mara ya kwanza, akakosa. Mara ya pili, akakosa. Mkono umeanza kutetemeka. Hapo akaja Mama mmoja Mkongo, mtu mzima, akamwambia, "Pole pole, mwanangu." Akaufunga mkono wa mtoto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akangoja, akapapasa kwa kidole kimoja, kisha akamrudishia dadangu sindano. "Hapa. Sasa ingiza." Ikaingia. Dadangu anasema mambo mengi ya vitendo aliyoyafaulu kwenye mtihani aliyajua kutoka kwa yule Mama.

Simtaji jina wala sehemu ya kambi anakoishi, ameniomba hivyo. Nilienda kumwona. Alisomea uuguzi Kivu Kusini na akafanya kazi hospitalini miaka tisa kabla ya kukimbia. Amekuwa Kakuma zaidi ya miaka kumi. Kwa karatasi, yeye si muuguzi. Yeye ni msaidizi. Analipwa ile pesa inaitwa insentivu, ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi kwenye wodi hiyo hiyo. Kwa ufupi, mwanafunzi ana leseni, na mwalimu hana.

Kwani hajajaribu? Amejaribu. Aliambiwa kile anachoambiwa kila muuguzi aliyesomea nje: baraza la nchi yako lituandikie barua kuthibitisha kwamba ulisajiliwa, na chuo chako kitutumie matokeo yako moja kwa moja. Kwa muuguzi anayehama kwa ndege, hiyo ni sawa kabisa. Hata dadangu anategemea Baraza letu limthibitishe kwa Waingereza. Lakini huyu alikimbia na watoto wawili na bahasha moja ya nailoni yenye cheti ndani. Akaniangalia akasema, "Nitaandikia nani, mwanangu? Ile biro hata haiko tena." Na kama mnafuata habari, Bukavu, mji mkuu wa mkoa wake, ulitekwa na M23 Februari 2025. Sasa barua itoke kwa nani?

Hata akipata barua, ngoma bado. Kwenda Nairobi kufuatilia faili anahitaji kibali cha kutoka kambini. Akisajiliwa anahitaji kibali cha kazi, kile cha daraja M cha wakimbizi. Hakilipiwi, ni kweli, lakini wengi wanakingoja mpaka wanachoka.

Na hii yote inatokea wakati sheria iko upande wake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya taaluma yake, mradi sifa zake zimetambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Zimetambuliwa. Hilo neno moja ndilo limebeba kufuli. Sheria imekupa nyumba, funguo ikamwachia mtu mwingine, na huyo mtu anataka barua kutoka mji uliotekwa.

Kuna kichekesho kingine. Wakimbizi wengi wa Kakuma wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi. Zote hizo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama sisi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi 2010, inazitaka nchi zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Kwenye mikutano ya marais ni ndugu zetu. Kwenye wodi ya Kakuma ni wageni wasiojulikana.

Sasa nijibu yale ninayoyajua mtasema.

Mtasema, "Wakimbizi watachukua kazi zetu, na vijana wetu wa Lodwar wamekaa na leseni nyumbani." Mimi ninaishi na mmoja wa hao vijana, kwa hivyo msinifundishe. Aliyemnyima dadangu kazi si Mama Mkongo. Kazi hazitangazwi, na zikitangazwa ni za kandarasi. Waulizeni wahudumu wa UHC walioajiriwa kwa kandarasi 2020, mpaka 2025 walikuwa bado wanalala nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Wakimbizi ndio waliandika hizo kandarasi? Tena fikirieni vizuri. Mwajiri akiweza kupata mikono ya muuguzi kwa bei ya msaidizi, kwa nini amlipe dadangu mshahara kamili? Anayekuharibia soko ni yule aliyezuiwa kupata leseni, kwa sababu hana uwezo wa kudai bei. Mpe leseni, na hiyo bei ya chini inakufa.

Mtasema, "Vyeti vya huko si vinaweza kuwa bandia?" Vinaweza. Hata vya hapa vinaweza. Ndiyo maana kuna mtihani. Msiutoe mtihani, mimi siombi hivyo. Sitaki mtu asiyejua kazi amguse mamangu. Ninachosema ni kwamba Mama hafiki hata kwenye mtihani, kwa sababu kabla ya mtihani kuna mlango wa barua. Mweke mbele ya kitanda, mpe mgonjwa, mpe dawa za kupima, mwangalieni. Mwongo hatapita hapo. Mikono haidanganyi.

Na si kwamba ni jambo jipya duniani. Uturuki ilipopokea Wasyria, ilishirikiana na Shirika la Afya Duniani, WHO, kuwapa madaktari na wauguzi wa Kisyria mafunzo ya kuwazoesha mfumo wa huko, kisha ikawaajiri kwenye vituo vya kutibu wakimbizi wenzao. Hapa Afrika, Zambia ilianza 2019 kujaribu pasipoti ya sifa ya UNESCO, ambayo inakagua elimu ya mkimbizi hata kama karatasi zake hazijakamilika, kwa kuangalia alizonazo na kumhoji ana kwa ana. Zambia si nchi tajiri kutuzidi. Waliamua tu kwamba vita si kosa la mwenye cheti.

Kwa hivyo ninaomba nini? Vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachoshusha kiwango.

Kwanza, mtu akitoka mahali ambapo hakuna ofisi ya kujibu barua, Baraza likubali njia nyingine: kiapo cha mahakamani, cheti alichonacho, na ushahidi wa wauguzi Wakenya wenye leseni waliofanya naye kazi. Wapo, dadangu ni mmoja wao.

Pili, apewe miezi kadhaa ya kufanya kazi chini ya usimamizi, Kakuma au Lodwar, na ihesabiwe.

Tatu, mtihani wa watu hawa uletwe Lodwar. Msimamizi mmoja kusafiri ni rahisi kuliko watu hamsini kutafuta vibali vya kutoka kambini.

Nne, leseni na kibali cha kazi zishughulikiwe pamoja, si ukimaliza foleni moja unaanza nyingine.

Na kwa nini sasa? Kwa sababu saa inakimbia. Msaada wa Marekani ulipokatwa 2025, sote tuliona, rashoni ilipungua na mashirika yakapunguza wafanyakazi. Machi mwaka huo huo serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe miji ya kawaida ya wakimbizi na wenyeji pamoja, huduma zikiingia chini ya kaunti. Vizuri sana. Lakini kaunti haiwezi kumwajiri muuguzi asiye na leseni. Siku zahanati za kambi zitakapohamia kaunti, hao wasaidizi wote wenye mikono ya dhahabu watarudishwa nyumbani. Na wanaotibiwa pale si wakimbizi peke yao. Waturkana wa Kakuma wanaenda hizo hospitali miaka yote. Mimi nina shangazi amejifungulia pale watoto watatu.

Dadangu atarudia IELTS, na akienda nitalia na kufurahi pamoja. Sitaki Waingereza wamdharau. Lakini siwezi tena kupiga kelele kuhusu mlango wa London nikiwa nimekalia kufuli la Kakuma. Muuguzi ni muuguzi akitoka Lodwar kwenda Leeds, na ni muuguzi akitoka Uvira kuja Kakuma.

Vikao vya kuuliza wananchi maoni kuhusu Mpango wa Shirika vikiitwa, msiende kwa sababu ya soda na nauli. Ingieni, nyosheni mkono, na muulizeni kila kiongozi atakayekaa mbele swali hili: wauguzi walioko kambini wasio na barua watasajiliwa vipi, na lini? Akijibu "tunalishughulikia", mwulizeni tarehe. Mkiipata, nitumieni, nami nitaiweka hapa juu kabisa ya ukurasa mpaka ifike.